Afande Hupona Siku ya Miadi

Afande alikuwa mzima siku za miadi tu. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa mgonjwa, na jengo zima lilijua. Lakini ofisi ya bima ikimwita aende akaangaliwe na daktari, mzee huyo alipona tangu jana yake jioni.

Nilikuwa nasikia pasi. Kuta za majengo ya Hjulsta, huku pembezoni mwa Stokholm, ni nyembamba, na meza yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa jikoni kwangu. Du, du, du. Anapiga pasi suruali. Halafu kimya, ndiyo anapaka viatu rangi. Asubuhi anagonga mlango wangu, ndevu zimenyolewa, tai imekaza mpaka shingo imefanya mikunjo, na mkononi ana ile fimbo yake ya kutembelea.

"Mama Bahati, nishikie hii."

"Sishiki. Nenda nayo."

"Nishikie, mama. Narudi saa sita."

"Afande, unakwenda kuwaambia watu huwezi kutembea. Sasa fimbo unaniachia mimi nifanyie nini? Nipikie?"

Anaiegemeza kwenye fremu ya mlango, anavuta koti, anaondoka. Na anatembea vizuri, jamani! Namwangalia kutoka dirishani akikata uwanja kuelekea treni, kifua mbele, mguu wa kushoto unashuka chini kama wa kulia, huwezi kukisia lolote. Kuna barafu, watu wazima wenye miguu miwili mizima wanateleza, yeye hatelezi. Saa sita anarudi kijivu usoni, anachukua fimbo, na siku mbili hatumwoni.

Kisha inakuja barua: wameona anaweza kufanya kazi.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na siyo mtu wa kuzungusha maneno, kwa hiyo nilimwambia wazi kwamba ni mjinga. Alicheka. Alikuwa na kicheko cha kutoa pumzi puani, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye redio.

Sote tulimwita Afande. Waganda wenzake walimwita hivyo kwa sababu walimjua jeshini au walijua waliomjua. Sisi Wakenya na wale Wakongo wa ghorofa ya chini tuliiga tu. Watoto walimwita Babu Afande. Hata yule bibi wa Kiswidi wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa hamsalimii mtu yeyote, alimwita Afande akidhani ndilo jina alilopewa kanisani.

Bibi huyo alimpenda kwa sababu ya chumba cha kufulia. Aliyewahi kuishi kwenye majengo haya anajua: mashine ziko chini kabisa, kila nyumba ina zamu yake, na ugomvi wote wa Uswidi unaanzia hapo. Nani ameacha nyuzi kwenye mashine ya kukaushia, nani amepitiliza zamu yake, nani amefua zulia. Afande alijipa cheo cha kusimamia mahali hapo. Hakuna aliyempa. Alishuka kila jioni kukagua. Akikuta soksi ya mtu imesahauliwa, aliibandika ukutani kwa pini kama mhalifu, mpaka mwenyewe aje aikiri.

Siku moja aliibandika suruali ya ndani ya mume wangu. Mume wangu wakati huo alikuwa anasoma chuo, mtu wa heshima zake, anatembea na mkoba. Alikaa siku nne akijifanya haioni. Nilishuka mwenyewe kuichukua.

"Ni ya nani?" Afande akauliza, amesimama mlangoni kama hakimu.

"Unajua ni ya nani."

"Mwenyewe aje."

"Mwenyewe ana mtihani."

Akafikiri. "Basi wewe unamjibia?"

"Namjibia."

"Pita."

Alipenda jambo hilo, mtu kumjibia mwingine. Ukienda kumwombea mtu msamaha kwake, alikusikiliza mpaka mwisho. Ukienda kujiombea mwenyewe, alikukatiza sentensi ya kwanza.

Kuhusu mguu, usiniulize uliumia vipi, maana mimi nimesikia habari tano. Wanangu aliwaambia ni mamba. Yule bibi wa Kiswidi aliambiwa ni baiskeli. Waganda walikuwa wanasema ni chuma cha bomu, na waliposema hivyo yeye alikuwa anaangalia pembeni na kuuliza kama chai imeiva. Mkongo mmoja alibisha kwamba ni risasi, kwa sababu alikuwa na mjomba aliyepigwa risasi na kuchechemea kwake kulikuwa vilevile. Nami siku moja nikiwa na hasira za mambo mengine nilimuuliza bila adabu, na yeye akanijibu, "Niliingia mahali, kutoka ikawa ngumu." Hiyo ndiyo ya tano, na ndiyo pekee ninayoiamini.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Mimi niliyekaripiwa na walimu kwa kila kosa la insha nilikuwa naumia masikio mwanzoni. "Mimi hapana gonjwa." "Wewe kuja hapa." Lakini alikitumia bila aibu yoyote, na katika mikutano yetu ya Jumapili, ambapo Mkongo anaongea chake na Mtanzania anamrekebisha kila mtu, Afande ndiye aliyeeleweka na wote. Akisema kaa, watu walikaa. Binti yangu Bahati, ambaye mimi nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi na mgongo amenipa, kwa Afande alisimama mikono ubavuni na kuitika, "Naam, Babu." Nilikuwa nataka kumpiga. Siyo Afande, Bahati. Kusema kweli wote wawili.

Na alikuwa mbishi kwenye ngazi. Lifti yetu ilikufa mara kwa mara, na ikifa mimi nilibaki chini na kigari cha mtoto, mifuko ya maziwa na viazi, Bahati analia anataka kubebwa. Nilikuwa natukana. Natukana lifti, natukana waliotengeneza lifti, namtukana baba watoto aliyeko maktaba. Afande akinisikia anafungua mlango juu, anashuka na fimbo, anachukua mifuko.

"Acha, Afande. Mguu wako."

"Mguu gani?"

Basi tunapanda. Kila tukifika kituo cha ngazi anasimama, anainua uso, anaangalia taa ya darini kwa makini. "Hii inataka kubadilishwa." Tunapanda tena. "Hii nzuri." Jasho linamtoka mwezi wa pili, madirisha yana barafu ndani, na yeye anakagua taa. Mimi nami nilikuwa naangalia taa. Ungefanyaje? Tulikuwa tunasimama pale kama mafundi wawili wa umeme, mpaka pumzi yake irudi.

Sasa nisikufiche lililokuwa linaniwasha. Afande alikuwa anaosha sufuria kwenye jiko kubwa la kupikia watu wengi, mjini. Siku nzima amesimama kwenye sakafu yenye maji. Daktari wa kliniki yetu alimwambia, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilimpeleka mwanangu sindano siku hiyohiyo: ukiendelea kusimama hivi, mguu huu tutaukata. Alimwambia kwa upole, kwa Kiswidi cha polepole, huku akionyesha kwa ukingo wa mkono wapi wataukata. Chini ya goti. Afande akasema asante.

Kumbe dawa ilikuwepo. Nchi hii ina malipo ya mtu ambaye mwili wake umekataa kazi. Siyo sadaka, ni sheria. Kinachotakiwa ni daktari wa ofisi ya bima akuangalie akubali. Ndiyo hayo tu! Uende mbele ya mtu, useme naumwa. Na hilo moja Afande hakuliweza.

Mimi nilijua kwenda ofisini. Hakuna aliyenifundisha, njaa ilinifundisha. Nikiitwa ofisi yoyote navaa lile koti lililokatika vifungo, nambeba mdogo kabla hajalala vya kutosha, naingia naye akilia, na simnyamazishi. Wanaharakisha. Nilimpa Afande somo hilo lote bure, jikoni kwangu. Nikamwigizia jinsi ya kuingia, jinsi ya kutafuta kiti kwa mkono kabla ya kukaa, jinsi ya kusema "aah" ukikaa.

"Hiyo ni wizi," akasema.

"Wizi gani? Wewe si unaumwa kweli?"

"Naumwa kweli. Lakini 'aah' ni ya uongo."

"Basi toa aah yako ya kweli!"

"Hiyo hapana ya watu."

Mara ya pili walipomkataa, nilipiga simu ofisini mwenyewe, nikapiga kelele mpaka mwanamke wa upande wa pili akaniomba nipumue. Akasema vizuri, watatuma mtu aje amwone nyumbani kwake, katika maisha yake ya kawaida. Nikafurahi. Nikasema sasa wamemkamata, nyumbani hawezi kujifanya.

Sikumjua bado. Alisikia mgeni anakuja, akasugua sakafu kwa magoti. Akaosha madirisha. Akasugua na ngazi za jengo, maana mgeni atapita hapo. Akakaanga mandazi sahani mbili. Yule bibi wa ofisi alipofika, mlango ulifunguliwa na mtu aliyesimama wima na tai, chai iko mezani, maua yako kwenye glasi. Alikaa saa nzima. Afande hakukaa, alimhudumia. Bibi akatoka amebeba mandazi kwenye karatasi, anatabasamu, akanikuta mimi nimesimama mlangoni kwangu na masikio yamesimama, akaniambia, "Mzee mwenye nguvu kweli!"

Wakamkataa mara ya tatu.

Niligombana naye siku hiyo vibaya. Nilimwambia anataka kukatwa mguu ili apate kusifiwa kwenye mazishi ya mguu wake. Nilimwambia mimi nina watoto wawili na mume wa vitabu, sina nafasi ya kulea mzee mwenye kiburi. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Nilipochoka akauliza, "Umemaliza ripoti?" Nikafunga mlango kwa nguvu mpaka bibi wa Kiswidi akagonga mabomba chini.

Baadaye kidogo shule yake ya lugha, ile wanayofundishwa wageni Kiswidi, iliwapeleka kutazama vitu vya kale vya jeshi mjini. Afande alirudi ametekwa kabisa na alichokiona. Aliingia kwangu bila kuvua koti, mimi niko kwenye jiko nakaanga vitunguu. Tulikuwa hatujasemeshana vizuri tangu ule ugomvi, lakini habari ilimshinda.

"Mama Bahati! Hawa Wazungu nao walikuwa na askari wa mguu wa mti."

"Kila mahali wako."

"Sikiliza. Zamani za wafalme wao. Askari anakwenda vita mbali huko, nakatwa mguu, nakatwa mkono, jicho natoka. Narudi. Hapana shamba, hapana kazi. Nafanya nini? Nakuja hapa, Stokholm, kwa miguu. Kwa mguu! Kuomba mfalme ampe kitu cha kula. Mwalimu alituonyesha picha yake, kofia iko hapa, kwa kifua."

"Akapewa?"

"Wengine walipewa. Wengine wakawekwa nyumba ya majeruhi. Wengine wakaambiwa kaa mlango wa kanisa, omba watu." Hakulipenda hilo la kanisa. Kisha akainua kidole. "Lakini ile jeshi ilikuwa na akili. Askari hapana ingia kwa mfalme kulia mwenyewe. Niliuliza mwalimu mara mbili. Kapteni wake nasema: huyu mtu wangu, aliumia mahali fulani, alikuwa mtu mzuri, mimi nilimwona. Ndiyo mfalme nasikia."

"Na wewe kapteni wako yuko wapi?"

"Alikufa," akasema. "Palepale." Akavua koti, akaliangalia kana kwamba hajui lilitoka wapi, akalivaa tena na kwenda kwake.

Vitunguu viliungua. Nilisimama pale na mwiko.

Miadi ya mwisho ilikuwa majira ya kuchipua, theluji imebaki michafu pembezoni mwa njia. Ofisi ilisema huyu ni daktari mpya, na kama atasema hapana, basi. Safari zote Afande alikuwa akijisemea mwenyewe kwa Kiingereza chake cha jeshini, kile cha hakuna tatizo bwana, hakuna tatizo. Safari hii niliwaambia lazima kuwe na mkalimani na mkalimani ni mimi. Mtoto nilimwachia yule bibi wa Kiswidi. Ndiyo, alikubali. Kwa ajili ya Afande.

Alinyoosha suruali. Alipaka viatu. Fimbo aliileta mlangoni kwangu kama kawaida, na mimi nikaichukua bila ubishi, nikaiweka ndani, nikafunga. Alishangaa kidogo nilivyonyamaza.

Daktari alikuwa msichana. Yaani mtu mzima, lakini msichana, nywele amezifunga kwa raba. Akamwonyesha kiti. Afande akabaki amesimama, visigino pamoja.

"Anaendeleaje?" daktari akaniuliza.

"Vizuri kabisa, mkubwa," Afande akasema. Nikatafsiri.

"Anaweza kupanda ngazi?"

"Kila siku." Nikatafsiri.

"Ana maumivu?"

"Hapana." Hilo nalo nikatafsiri, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutafsiri. Nilikuwa naumia meno.

Daktari akatazama makaratasi, akamtazama Afande, tai, viatu. Nikaona mkono wake unatafuta kifuniko cha kalamu. Nikamwambia, kwa Kiswidi, "Nipe dakika moja na mzee wangu." Akainua mabega, sawa.

Nikamgeukia. "Afande, kuna askari mmoja ameletwa hapa kukaguliwa. Ni mguu wako wa kushoto. Yeye haruhusiwi kusema, ni askari tu. Wewe ndiye mkubwa wake. Huyu daktari anataka ripoti yako wewe. Kuhusu yeye."

Aliniangalia. Nilidhani atanitukana.  Kisha akageuka, akamkabili daktari, akatazama ukutani juu ya kichwa chake, na akaanza kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya kazi, haina huruma wala haina chuki.

"Huyu askari hapana faa. Asubuhi naita yeye, hapana itika. Namwaga maji moto, ndiyo yeye nakuja, pole pole. Kazini namweka juu ya ndoo, nasimama na yule mwingine peke yake, kama ndege. Mkubwa wa jiko akipita, namshusha. Chooni nikikaa, kuinuka mpaka nivute bomba. Bomba limelegea, nimelifunga na waya. Kidonda kilifunga mwaka jana, sasa kimefungua. Natoa maji. Natoa harufu. Nafunga kitambaa, nabadili mara mbili kwa siku, nafua mwenyewe wakati hapana mtu, mama huyu hapana jua."

Sikujua. Nilikuwa nakaa ukuta mmoja naye na sikujua. Nikatafsiri neno kwa neno, na pale kwenye harufu Kiswidi kilinikwama, nikaendelea.

"Naweza kukiona?" daktari akauliza.

"Mimi hapana onyesha watu," Afande akasema. "Lakini askari lazima akaguliwe." Akainama, akakunja suruali aliyoipiga pasi, mkunjo kwa mkunjo, sawasawa, mpaka juu ya goti. Akafungua kitambaa.

Niliangalia dirisha. Halafu nikajiambia wewe umekuja kufanya nini hapa, nikaangalia. Sitakueleza. Daktari alivuta kiti chake mbele, akapiga goti sakafuni, akauangalia kwa muda mrefu bila kugusa. Alipoinua uso hakuwa msichana tena.

"Kwa mguu huu hakuna atakayebisha," akaniambia. Halafu, Mungu ambariki, akauliza jambo ambalo sikumfundisha. "Muulize. Yeye kama mkubwa wake, anapendekeza nini?"

Nikamuuliza.

 Nje mtu alikuwa anavunja barafu kwa sululu. Afande alikuwa bado anatazama ukuta, lakini mkono wake ulishuka ukakaa juu ya goti, taratibu, kama unavyoweka mkono kwenye kichwa cha mtoto wa mtu mwingine.

"Apumzike," akasema.

Nikatafsiri. Daktari akarudi mezani, akaanza kuandika. Afande akanigusa kiwiko.

"Mwambie aandike pia. Alikuwa askari mzuri."

Nikamwambia daktari. Akasita, akapitisha kalamu juu na chini ya karatasi. "Hakuna mahali pa kuandika hilo," akasema.

Nikamwambia aandike.